Usukani Umfuate Dereva, Dereva Asiufuate Usukani

Hakuna mtu anayenunua viatu Gikomba bila kuvijaribu. Hata viwe vya bei ya kutupa, mnunuzi atavitia miguuni, atapiga hatua mbili tatu vumbini, kisha ndipo atatoa pesa. Naye aendaye kwa fundi wa cherehani hupimwa mabega, kifua na mikono kabla ya kitambaa kukatwa. Huo ndio utaratibu na hakuna anayeuonea ajabu. Lakini humu humu mitaani mwetu Eastlands kuna wafanyakazi ambao kila alfajiri huvishwa vazi la chuma lenye uzito wa tani 15 au zaidi, na hakuna anayewauliza kama linawaenea. Hawa ni madereva wa matingatinga, greda na rola, pamoja na wale wa malori ya mchanga na kokoto.

Kazi yao sote tunaiona. Ni madereva wa aina hii walioipanua barabara ya Outer Ring katika miaka ya 2010, kilomita 13 kutoka Thika Road hadi upande wa Embakasi. Ni wao wanaosukuma taka kule Dandora, wanaoleta mchanga kutoka Machakos na mawe kutoka Njiru ili majumba ya ghorofa yazidi kuchomoza Pipeline, Umoja na Kayole. Tunachokiona kwa nadra ni hali yao jioni wanaposhuka. Sisi madaktari wa mitaani ndio tunaowaona wakiingia kliniki wakiwa wameshika kiuno kwa mkono mmoja, na kuketi kwenye benchi kwa hadhari kana kwamba limepakwa rangi mbichi.

Juma hili nataka kuzungumzia kifaa kimoja kidogo ambacho, kwa maoni yangu, kingeweza kuwapunguzia watu hawa maumivu kuliko vidonge vingi wanavyomeza. Nacho ni usukani unaoweza kurekebishwa: kupandishwa, kushushwa, kusogezwa karibu au kusukumwa mbali ili ulingane na mwili wa anayeendesha. Wako watakaosema hayo ni mambo ya starehe, ya watu wenye magari ya kifahari. Nasema hapana. Kwa mtu anayeketi juu ya mtambo saa 9 au 10 kwa siku, siku 6 kwa juma, hilo ni jambo la afya, tena la riziki.

Mgongo na mtikisiko

Uti wa mgongo wa binadamu umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini ambacho kazi yake ni kupokea mshtuko, mfano wa mpira chini ya mguu wa kitanda. Tukitembea, visahani hivi hubanwa na kuachiliwa, na hivyo ndivyo vinavyopata maji na lishe. Tukiketi tumeinama mbele kwa muda mrefu, upande wa mbele wa kisahani hubanwa na upande wa nyuma huvutwa. Siku moja haina neno. Miaka kumi ni jambo jingine.

Sasa ongeza mtikisiko. Kila kitu duniani kina kasi yake ya kutikisika inayokidhuru zaidi, kama vile bembea inavyopaa juu ukiisukuma kwa mpigo wake. Mwili wa mtu aliyeketi hutikisika vibaya zaidi ukipata mitetemo kati ya 4 na 6 kwa sekunde. Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo mitetemo ambayo mitambo mingi mizito hutoa inapopita kwenye ardhi yenye mashimo na mawe. Misuli ya kiuno hujikaza kila mara kujaribu kuuzuia mwili usirukeruke, na jioni huwa imechoka kama ya mtu aliyebeba magunia.

Ni hapa ambapo usukani unaingia. Mtu aliyeegemea kiti vizuri hupokea mtikisiko kwa mgongo wote, na kiti hubeba sehemu ya mzigo. Mtu ambaye usukani uko mbali naye hulazimika kujivuta mbele, mgongo ukaachana na kiti. Hapo kiti kinakuwa kigoda tu. Isitoshe, mikono yetu miwili ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni kilo 7, yaani pakiti tatu na nusu za unga wa ugali. Hebu jaribu kuzinyoosha pakiti hizo mbele yako kwa dakika mbili. Dereva ambaye usukani umewekwa mbali na juu hufanya hivyo kutwa, na mabega na shingo ndivyo vinavyolipa.

Mitambo hii hutengenezwa ng'ambo, na ndani yake hupanda mrefu na mfupi, mnene na mwembamba, na siku hizi pia akina mama, ambao idadi yao katika kazi hii si ile ya zamani. Dereva mfupi huketi ukingoni mwa kiti ili miguu ifike kwenye pedali. Dereva mrefu hugonga magoti kwenye usukani, basi hujikunja kama nguo kwenye sanduku. Mwenye kitambi husuguliwa tumbo kila anapokata kona. Wote watatu wataitwa madereva wazuri mpaka siku watakaposhindwa kuinuka kitandani.

Kifaa chenyewe si kigeni

Usukani wa kurekebishwa si uvumbuzi wa juzi. Magari ya Marekani yalikuwa yakiuzwa na usukani wa kuinamishwa tangu miaka ya 1960. Greda na shindilia nyingi zilizoko nchini leo zina nguzo ya usukani inayolala na kuinuka ukibonyeza pedali ndogo au ukilegeza leva iliyo ubavuni. Malori mengi makubwa nayo yana kifungio cha namna hiyo chini ya usukani. Kiti nacho huwa na leva ya kukisogeza mbele na nyuma, na mara nyingi kitasa cha kupima springi kulingana na uzito wa anayeketi.

Wenzetu wamefika mbali zaidi. Mwaka wa 2007 kampuni ya Caterpillar ilianza kuuza greda zisizo na usukani wa mviringo kabisa. Dereva huelekeza mtambo kwa vijiti viwili vilivyo karibu na viganja vyake, huku mikono ikiwa imelala juu ya mahali pa kuegemezea ambapo pia hurekebishwa. Kampuni hiyo ilidai kwamba mwendo wa mikono na viwiko ulipungua kwa hadi asilimia 78. Huo ni mtambo wa bei kubwa, nami sitarajii kila mwanakandarasi wa Nairobi kuununua. Nautaja ili tuone kwamba watengenezaji wenyewe wamekubali jambo ambalo waajiri wengi hapa hawajalikubali: kwamba mkono na mgongo wa dereva ni sehemu ya mtambo, nazo huchakaa.

Leva iko, lakini imeganda

Kwa hivyo kiini cha tatizo letu si kukosekana kwa kifaa. Ukiwauliza madereva wanaokuja kliniki kwa maumivu ya mgongo kama usukani wao unasogezwa, majibu ni ya aina tatu au nne hivi, na yote yanasikitisha.

Wa kwanza atakwambia hajui. Amekuwa akiendesha mtambo huo miaka miwili na hakuna aliyewahi kumwonyesha leva hiyo. Alifundishwa kuinua na kushusha, kukata na kusawazisha, lakini hakufundishwa kuketi. Wa pili atasema leva ipo ila imeganda. Vumbi la saruji, matope na kutu vimeishika, na grisi haijaiona tangu mtambo uliposhuka melini. Wa tatu atasema usukani ulikuwa ukicheza, ukapelekwa kwa fundi, naye fundi akauchomelea kwa umeme ili utulie. Umetulia kweli, lakini umetulia mahali palipomfaa fundi. Wa nne, huyu ndiye mwenye jibu zito zaidi, atasema anajua leva iko wapi na inafanya kazi, lakini akianza kujirekebishia kiti na usukani, fomeni humuuliza kama amekuja kazini au amekuja kulala.

Chukua mfano wa dereva wa greda mwenye umri wa miaka 38, mkazi wa Kayole, mwenye mke na watoto watatu. Mtambo anaoendesha una madereva wawili wanaopokezana zamu. Mwenzake ni mrefu kumpita kwa kichwa kizima. Usukani na kiti vimeachwa vilivyo kwa sababu ya yule mrefu. Huyu mfupi amejifunza kuweka gunia lililokunjwa nyuma ya mgongo wake ili afike. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka tako la kulia, sasa yanafika kwenye wayo kama cheche za moto. Usiku hawezi kulala chali. Ukimtazama huyu utadhani anahitaji dawa kali au kisu cha mpasuaji. Huenda akahitaji matibabu, naam. Lakini ukimtibu kisha umrudishe kwenye usukani ule ule uliokaa vile vile, umeziba tundu la mtungi huku wakiendelea kuutoboa.

Mwaka wa 1700 daktari Mwitaliano aitwaye Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwahimiza madaktari wenzake kuongeza swali moja katika yale wanayomuuliza mgonjwa: wewe unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo bado halijaingia katika vyumba vingi vya matibabu. Mimi ningeongeza la pili kwa kila dereva: unaketi vipi?

Sindano ya Jumamosi

Kwa kuwa swali haliulizwi, dereva hujitafutia nafuu mwenyewe. Sote tunaijua njia anayopita. Jumamosi jioni, mshahara ukiwa mfukoni, huingia kemisti na kuomba sindano ya mgongo. Mara nyingi hudungwa dawa ya aina ya diclofenac na kupewa vidonge vya kumeza nyumbani. Maumivu hupoa. Jumatatu hurudi juu ya mtambo, na Jumamosi inayofuata hurudi kwa sindano.

Dawa hizi si mbaya zikitumiwa kwa siku chache na kwa ushauri. Lakini zikifanywa chakula cha kila juma, huchubua utumbo na kuleta vidonda vinavyoweza kuvuja damu, hupandisha shinikizo la damu, na huumiza figo. Hatari ya figo huzidi mtu asipokunywa maji ya kutosha. Na dereva gani wa mtambo anakunywa maji ya kutosha, ilhali pale anapofanya kazi choo ni shida? Hivyo mtu anaanza na ugonjwa wa kiuno uliosababishwa na usukani, anamaliza na ugonjwa wa figo uliosababishwa na tiba. Kopo la grisi na nusu saa ya fundi vingeyazuia yote hayo.

Nawaomba hasa wake wa madereva wanaosoma ukurasa huu: mkiona vidonge vya maumivu vimekuwa kama chumvi ya mezani, msikae kimya.

Sheria iko upande wa dereva

Wengi hawajui kwamba jambo hili limo katika sheria ya Kenya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 76, inamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha kwamba mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vinalinganishwa na mfanyakazi na uwezo wake. Soma tena sentensi hiyo. Haisemi mfanyakazi ajilinganishe na kifaa. Inasema kifaa kilinganishwe na mfanyakazi.

Sheria hiyo hiyo inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, ambayo wafanyakazi wenyewe wana wajumbe ndani yake. Tena inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika kuhusu jambo linalohatarisha afya yake. Msimamizi wa haya yote ni Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, iliyo chini ya Wizara ya Leba.

Katika nchi za Muungano wa Ulaya mambo yamekwenda hatua moja mbele. Tangu mwaka wa 2002 zimeweka kiwango cha mtikisiko ambao mwili wa mfanyakazi unaweza kupokea kwa siku ya saa 8. Ukifika kipimo cha 0.5, mwajiri lazima achukue hatua ya kuupunguza, ukipita 1.15, hairuhusiwi kuendelea hivyo. Huko, kiti na namna dereva anavyoketi si maneno ya fomeni bali ni mambo ya kukaguliwa.

Najua sheria kwenye karatasi ni rahisi. Dereva wengi wa hapa kwetu ni vibarua wa siku. Asubuhi huambiwa panda, jioni huambiwa shuka, na akilalamika kesho yake kuna wengine kumi langoni. Ndiyo maana siwezi kumtupia dereva peke yake mzigo huu. Mwenye mtambo ndiye mwenye spana, na ndiye mwenye wajibu.

Hoja za wenye mitambo

Nimewasikia wenye malori na mitambo wakijitetea, na si haki kuwapuuza. Husema mitambo hukodishwa kwa saa, na kila dakika iliyosimama ni hasara. Husema wengi wao si matajiri. Mtu ana lori moja la mkopo. Husema tena kwamba mitambo mingine ni mikuukuu na haikutengenezewa usukani wa kusogezwa.

Hoja ya kwanza inajijibu yenyewe. Kurekebisha kiti na usukani huchukua dakika mbili mwanzoni mwa zamu. Dereva anayekosa kazi siku tatu kwa sababu ya kiuno, na mgeni anayechukua nafasi yake bila kuujua mtambo, hugharimu saa nyingi kuliko hizo. Zaidi ya hayo, dereva anayeumwa haoni vizuri nyuma, kwa sababu shingo haigeuki. Katika mitaa kama yetu, ambapo watoto hupita kati ya mitambo wakienda shuleni na akina mama huuza mboga kando ya barabara inayojengwa, shingo isiyogeuka ni hatari kwa sisi sote.

Kuhusu gharama, kulegeza leva iliyoganda si kununua mtambo mpya. Ni kusafisha, kutia grisi na kubadilisha kipande kilichoisha. Hapa nataka nitoe onyo: usukani ni kiungo cha uhai. Usichomelewe ovyo wala kukatwa ili urefushwe. Mafundi wetu wa Kariobangi na Grogan ni hodari, lakini nguzo ya usukani si lango la nyumba. Ifanyiwe kazi na fundi anayeujua mtambo huo, kwa spea inayofaa.

Na kama usukani kwa kweli hausogei, bado kiti kinaweza kusogezwa, kuinuliwa au kuwekewa egemeo thabiti la mgongo. Gunia lililokunjwa huteleza. Egemeo lililofungwa vizuri halitelezi. Muhimu ni kuanzia na mwili wa dereva, kisha kutafuta la kufanya.

Namna ya kujipima

Ndugu dereva, hatua hizi zifanye mtambo ukiwa umesimama, breki imefungwa. Usithubutu kulegeza usukani ukiwa mwendoni, kwani unaweza kukuponyoka.

Anza na kiti. Keti nyuma kabisa hadi makalio yaguse egemeo. Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga pedali hadi mwisho huku goti likiwa bado limekunjika kidogo na mgongo haujaachana na kiti. Kama kuna kitasa cha uzito, kiweke kulingana na kilo zako, si za mwenzako.

Kisha urudie usukani. Ulete karibu mpaka viwiko vikunjike, visinyooke kama fimbo wala visibanwe kwenye mbavu. Mabega yawe yameteremka. Viganja viwe katika mstari mmoja na mkono, visipinde juu wala chini. Usukani usiguse mapaja wala tumbo, na usikuzibie saa za mbele yako. Funga leva, kisha utikise usukani kuhakikisha umeshika. Mwisho, rekebisha vioo, maana ukibadilisha namna ya kuketi, na macho yako yamehama.

Kila baada ya saa mbili hivi, shuka utembee dakika chache. Na ukishuka, usiruke. Shuka ukiutazama mtambo, mikono miwili na mguu mmoja vikiwa vimeshika. Mgongo uliotikiswa kutwa haupendi kuangushwa kutoka urefu wa mita moja na nusu.

Dalili za kutopuuza

Si kila maumivu ya mgongo yanatokana na usukani. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, na maradhi hayo bado yako nasi. Kwa mwanamume aliyepita miaka 50, maumivu mapya ya mgongo yasiyopoa hata akilala yachunguzwe, ikiwemo tezi ya kibofu.

Ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiganja. Hii huwapata wanaopinda viganja na kushika usukani unaotetemeka kwa muda mrefu. Ikigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi.

Lakini mguu ukikosa nguvu, au ukihisi ganzi katikati ya mapaja, au mkojo na choo vikikataa kutoka au vikitoka bila wewe kujua, hiyo si ya kemisti wala ya kusubiri kesho. Nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Saa chache zinaweza kuamua kama utatembea tena.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, kila mwenye mtambo autie grisi na kuufungua usukani na kiti chake kila mtambo unapofanyiwa huduma, kama vile anavyobadilisha oili. Pili, madereva wanaopokezana mtambo mmoja wapewe dakika za kujipima mwanzoni mwa kila zamu, na fomeni aelezwe kwamba huo si uvivu. Tatu, mitihani ya ufundi ya madereva wa mitambo, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, impe alama anayejua kuweka kiti na usukani kabla ya kuwasha injini, na imnyime asiyejua. Nne, wakaguzi wa serikali wanapozuru mahali pa ujenzi wasitazame kofia na buti pekee. Wapande juu ya mtambo, waivute ile leva waone kama inasogea.

Kwa madaktari na wauguzi wenzangu, ombi langu ni dogo zaidi. Dereva akija na kiuno, kabla ya kuandika dawa, mpe kiti akuonyeshe anavyoketi kazini. Kisha muandikie barua fupi kwa mwajiri wake, yenye mstari mmoja unaosema usukani na kiti virekebishwe kulingana na kimo chake. Karatasi yenye muhuri wa daktari husikilizwa mahali ambapo sauti ya kibarua haisikilizwi.

Barabara zetu zitaendelea kupanuliwa na majumba yataendelea kupanda, na ni vyema. Lakini watu wanaozijenga wana mgongo mmoja mmoja tu, wala hakuna duka la spea hapa Nairobi linalouza mwingine. Leva ya kuuokoa iko pale chini ya usukani, imefunikwa na vumbi. Mwenye mtambo na aifungue kesho asubuhi.